Kupanua mlango kwenye ukuta wa matofali unaobeba: zege, chaneli za chuma, tao au nguzo katikati?

Watu wanaokarabati nyumba huniuliza hivi: "Nataka sebule na chumba cha kulia viwe kitu kimoja, niweke boriti gani?" Nami huuliza kwanza ukuta huo utashikiliwa na nini, tangu tofali la kwanza linapotoka hadi boriti mpya inapopokea mzigo. Zege linadai wiki 3 za mirunda, zile nguzo za muda. Chaneli za chuma, vile vyuma virefu vyenye umbo la U, zinadai siku 4 au 5. Kwa uzoefu wangu tofauti hiyo inaamua mengi kuliko bei ya saruji au ya chuma, na mafundi wengi hawaigusi kabisa wanapokutajia gharama.

Kazi hii nimeifanya kwenye nyumba mbili za familia. Ya kwanza ni ya mama, Iringa: matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo mwaka 1987, paa la bati. Ya pili ni ya shemeji yangu, Morogoro, ambako naishi: matofali ya kuchoma kwa saruji, ghorofa moja, slabu imelala moja kwa moja juu ya kuta. Kote kuwili mlango wa sentimita 90 ulitakiwa uwe uwazi wa mita 2.4, na kote kuwili ukuta ulikuwa wa inchi 9. Ukisimama sebuleni ungedhani ni kazi moja.

Panda darini kwanza

Ukuta unaobeba hautambuliki kwa kuugonga. Chukua tochi, panda darini, ufuate kenchi, zile fremu za mbao zinazoshika paa. Kwa mama, kenchi zilikuwa na nguzo za mbao katikati zilizoteremka na kukaa juu ya ukuta uleule tuliotaka kuukata. Fundi wa paa wa enzi hizo aliona ukuta upo, akauegemeza paa. Kwa aliye chini, ukuta huo ulikuwa wa kugawa vyumba tu.

Kwa shemeji hakukuwa na la kutafuta: slabu juu, ukuta chini, hakuna nguzo ya zege wala bimu, basi ukuta ndio uliobeba. Maghorofa mengi yanayojengwa siku hizi yako kinyume, yana nguzo na bimu za zege na matofali yamejazia nafasi tu. Hayo sitayagusa hapa.

Sasa hesabu, maana bila hesabu tunabishana bure. Juu ya uwazi wa mama kulikuwa na matofali ya kimo cha sentimita 75 hadi kufika kwenye kenchi. Mita 2.4 mara 0.75 mara 0.23 ni mita za ujazo 0.41. Ukuta wa matofali ya kuchoma niliuhesabia kilo 1,800 kwa mita ya ujazo, hiyo ni kilo 745 hivi. Paa la bati na mbao zake pamoja na dari niliviwekea kilo 40 kwa mita ya mraba, na eneo lililoegemea pale ni mita za mraba 8.4: kilo 336. Jumla ni tani 1 na kidogo.

Kwa shemeji matofali yalikuwa karibu yaleyale. Lakini slabu ya sentimita 15 peke yake ina kilo 375 kwa kila mita ya mraba. Ongeza marumaru, lipu ya chini, vitanda, makabati na watu wenyewe, unafika kilo 600. Eneo lilelile la mita za mraba 8.4 linaleta tani 5, na ukijumlisha matofali ni karibu tani 6. Milango miwili ya upana mmoja, mmoja una mzigo mara tano ya mwenzake. Ndiyo maana jibu la jirani yako kuhusu boriti yake huenda lisikufae hata kidogo.

"Lenta ipo, tukate tu chini yake"

Kauli hii naiogopa kuliko nyingine zote kwenye ukarabati, kwa sababu inasikika kama ina akili. Nyumba zetu nyingi zilizojengwa kwa saruji zina lenta, mkanda wa zege unaozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha. Fundi anaitazama juu ya mlango, anaona zege lenye nondo, anajiambia mzigo tayari umeshikwa.

Lenta ile ilifungwa nondo kwa ajili ya mlango wa sentimita 90. Kama mzigo kwa kila mita ni uleule, nguvu ya kuikunja boriti haiongezeki sambamba na upana, inaongezeka kwa upana mara upana. Kutoka 90 hadi 240 upana umeongezeka mara 2.7, lakini nguvu ya kukunja imeongezeka mara 7. Na hujui mle ndani kuna nini. Huenda ni nondo 4 za milimita 12, huenda ni za 10. Huenda pia zimeungwa katikati kabisa ya uwazi wako mpya. Nondo ya 12 inahitaji kulaliana na mwenzake kwa sentimita 48 hivi, yaani mara 40 ya unene wake, nami nimeshavunja lenta nikakuta zimelaliana kwa shubiri moja.

Kwa shemeji, fundi wa kwanza alikata asubuhi bila mrunda hata mmoja. Ni mtu anayejua kujenga, ukuta wake umenyooka kama umechorwa, ila alikuwa hajawahi kufungua ukuta ulioshika slabu. Saa 2 usiku simu ikaita.

"Shemeji, samahani kwa kukusumbua usiku. Mlango wa chumba cha watoto huko juu umegoma kufunga."

"Watoto wako wapi sasa?"

"Wamelala."

"Waamshe, shemeji. Washusheni, walale chumba cha nje. Mimi nakuja."

Nilipofika nilipaka kidole mate, nikakipitisha chini ya lenta, katikati. Kulikuwa na nyufa tatu za wima, nyembamba kama unywele, zikianzia chini na kupotea kabla ya kufika juu. Hiyo ndiyo alama ya boriti inayokunjwa kupita uwezo wake: zege haliwezi kuvutwa, linapasuka upande wa chini, na kuanzia hapo nondo zinabeba peke yake. Nyufa za namna hiyo kwenye zege lililosanifiwa huweza kuwa za kawaida. Hapa lenta haikusanifiwa kwa kazi ile, na mlango wa juu ulikuwa umeshabanwa. Tuliazima mirunda 14 kwenye ujenzi wa jirani, tukapiga mistari miwili chini ya slabu, mmoja kila upande wa ukuta, ubao juu na ubao chini, kabari mbilimbili kila mguu. Tulimaliza saa 7 usiku. Yule fundi alirudi mwenyewe kutusaidia, na hadi leo naheshimu kwamba alirudi.

Kwa hiyo lenta ya zamani isiwemo kwenye orodha yako ya chaguo. Ichukulie kama sehemu ya mzigo.

Zege la kumwaga palepale

Hili ndilo tulilolitumia kwa mama, na ningelitumia tena pale.

Sababu ya kwanza ni matofali yenyewe. Ya kienyeji hayalingani. Moja lina inchi 9, jingine 8 na nusu, pembe zimelika. Ukiweka chuma kilichonyooka juu ya ukuta kama huo, kinagusa mahali pawili patatu tu. Zege linajaza kila shimo, linakaa kwa ukubwa wake wote. Sababu ya pili ni kwamba mzigo ulikuwa tani 1 tu na paa la bati linashikika kwa mirunda michache. Sababu ya tatu, mama alikubali kwenda Dodoma kwa dada mwezi mzima. Angebaki na kulala humo, nisingethubutu kuacha mirunda sebuleni wiki 3 na wajukuu wanaingia na kutoka.

Kushikilia ukuta wa udongo ndiko kulikotuchukulia muda. Tulitumia sindano: mbao ngumu za inchi 4 kwa 4 zinazopenya ukuta kutoka upande huu hadi ule, kama sindano kwenye kitambaa, kila ncha ikikaa juu ya mrunda. Tatu zilitosha, moja kila sentimita 80. Lakini kabla ya kutoboa, ukiingiza msumari kwenye mshono, udongo ulikuwa unateremka kama unga. Matofali kati ya sindano na sindano yangedondoka yenyewe. Basi tulikwangua mishono yote ya eneo la juu kina cha sentimita 3 pande zote mbili, tukaijaza saruji na mchanga, tukangoja siku 4 ndipo tukatoboa. Mishono yako ikiwa ya saruji, hatua hii unairuka.

Boriti ilikuwa ya sentimita 23 kwa 30, ikiingia sentimita 25 kila upande. Pigia hesabu: mita za ujazo 0.2, kilo 500. Nusu tani, nusu ya mzigo wote iliokuja kuubeba. Ndiyo maana huwezi kuitengeneza nje kisha ukainyanyua. Lenta ya mita 1.8 yenye kimo cha sentimita 15 ina kilo 155, watu wanne wanaiweka. Ukipita hapo mwaga palepale.

Kumwaga chini ya ukuta uliopo kuna tatizo lake, maana huna pa kumwagia kutoka juu. Tuliondoa kozi moja zaidi (mstari mmoja wa matofali) juu ya boriti, tukaingiza zege kwa karai na mkono kupitia upenyo huo, tukalishindilia kwa kipande cha nondo hadi mapovu yakaisha. Resho ya saruji, mchanga na kokoto ilikuwa 1:2:4, maji kidogo. Fundi akitaka zege jepesi lijipenyeze lenyewe, mkatalie, maji ya ziada yanaondoka na kuacha matundu. Tulifunika kwa magunia na kumwagia maji siku 7. Baada ya hapo tukarudishia ile kozi, na nafasi ya mwisho ya sentimita 2 juu yake tukaishindilia mchanganyiko mkavu wa 1:3, ule ambao ukiubana kwenye kiganja unashikamana lakini hautoi maji. Mshono huo mdogo ndio unaohamisha mzigo. Zege husinyaa linapokauka, na ukilijaza hadi juu siku moja, baada ya mwezi utaona mwanya mwembamba kati yake na matofali, kisha ufa kwenye lipu ukiufuata.

Zege la saruji ya kawaida kwa siku 7 linafikia theluthi mbili hivi ya nguvu yake, na hesabu zote zimepigwa kwa nguvu ya siku 28. Siku 14 ni za chini kabisa kuacha mirunda. Mimi nilingoja 21.

Chaneli mbili za chuma

Hii ni njia ya shemeji, na kwenye ghorofa sioni mshindani wake.

Uzuri wake ni kwamba ukuta haubaki hewani hata siku moja. Unachimba upande mmoja tu, kina cha nusu ya unene, unaingiza chaneli ya kwanza, unaibana, unaijazia. Siku ya pili au ya tatu unahamia upande wa pili na kuingiza ya pili. Kisha unatoboa na kuzikaza pamoja kwa bolti za milimita 16, moja kila sentimita 60, na tofali likiwa katikati kama nyama ndani ya mkate. Nusu ya ukuta imekaa mahali pake wakati nusu nyingine inashughulikiwa.

Mhandisi wetu alichagua chaneli za milimita 160. Kila mita ina kilo 18.8, nazo zilikuwa za mita 2.8, sentimita 20 za kukalia kila upande. Kilo 53 kila moja, watu wawili wanaipandisha bila winchi. Kipande kimoja cha mita 6 kilitoa zote mbili kikabaki cha sentimita 40, nasi tukakikata kuwa vitako vya kukalia miisho. Uliza urefu dukani kabla ya kuamua upana wa uwazi wako. Ukitaka mita 2.7 badala ya 2.4 unalazimika kununua kipande cha pili, na cha kwanza kinabaki kimekatwa.

Tungeziweka chini ya lenta, uwazi ungebaki na kimo cha mita 1.94, mtu mrefu angejigonga kila siku. Tukaziweka juu yake, kwenye kozi mbili za kwanza za matofali. Miisho yake ilikaa juu ya bamba la milimita 10, na bamba juu ya lenta mahali ambapo lenta yenyewe bado ina ukuta mzima chini. Hivyo lenta ikawa inasambaza mzigo kwenye ukuta wa pembeni, na katikati kukabaki mwanya wa milimita 10 ili isiguswe na chuma kinapolegea kidogo. Sehemu ya lenta iliyo juu ya uwazi sasa inajibeba yenyewe tu.

Kasoro zipo. Chuma cha pwani kinaliwa: Tanga, Dar es Salaam, Unguja, hewa ya chumvi inapenya kwenye lipu. Paka redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mara mbili kabla ya kupandisha, si baada, maana mgongo wake hutaufikia tena. Moto nao: chuma kikifika nyuzi 600 kinapoteza karibu nusu ya nguvu yake, kwa hiyo usiache chaneli wazi kwa ajili ya urembo jikoni. Ifunge wavu wa chuma, upige lipu. Lipu isiposhikiwa na wavu inabanduka kwenye chuma baada ya msimu mmoja wa joto.

Na grinda. Kwenye nyumba yenye watu, vumbi la kukata matofali linaingia hadi kwenye kabati za nguo. Zima umeme wa chumba hicho kwenye bodi kuu kabla ya kuanza. Nyaya za swichi hupita hasa pembeni mwa milango.

Tao

Napenda tao kwa moyo. Matofali yamezaliwa kwa kubanwa, na kwenye tao hayafanyi kingine. Halina kutu, halina mchwa, halina nondo. Makanisa ya zamani ya misheni yamesimama nalo hadi leo.

Lakini tao linasukuma pembeni. Kwa mzigo wa nyumba ya mama, tao bapa la kimo cha sentimita 40 lingesukuma kuta za kando kwa nguvu ya kilo 800 hivi. La nusu duara lingesukuma chini ya 300, ila kwa upana wa mita 2.4 nusu duara lina kimo cha mita 1.2, na ukitaka kilele kiwe mita 2.4 basi pembeni mkunjo unaanza kwenye mita 1.2, usawa wa kifua cha mtu. Chumba kinaonekana kidogo badala ya kikubwa. Lichague kama uwazi wako hauzidi mita 1.5, ukuta umejengwa kwa saruji, na kila upande umebaki na zaidi ya mita moja ya ukuta mzima. Kwenye udongo, hapana.

Nguzo katikati

Watu hawaipendi kwa sababu inakata mandhari, na mimi nadhani wanaikataa haraka mno. Ile hesabu ya upana mara upana inarudi kukusaidia: ukigawa mita 2.4 kuwa mbili za 1.2, nguvu ya kukunja inashuka hadi robo. Boriti inakuwa nyembamba, mirunda inapungua, na mara nyingi nondo 2 za ziada zinatosha pale ulipohitaji chuma.

Tatizo lake liko chini. Nusu ya mzigo, au zaidi, inateremka kwenye nguzo moja. Kwa shemeji zingekuwa tani 3 juu ya mraba wa sentimita 23. Je, chini yake kuna msingi? Kuta nyingi za ndani zimejengwa juu ya jamvi tupu, yaani sakafu ya zege isiyo na msingi chini yake. Chimba shimo dogo pembeni ya ukuta uone kabla ya kununua chochote. Kama ni jamvi, vunja sehemu hiyo, shusha msingi wa nguzo wenyewe.

Nimeziweka pamoja hapa, kwa uwazi wa mita 2.4:

| | Mirunda inakaa | Uzito wa kupandisha | Inapofaa | Inapokataa |
|---|---|---|---|---|
| Zege la palepale | siku 14 hadi 21 | haipandishwi | paa la bati, matofali yasiyolingana | nyumba inayokaliwa, slabu juu |
| Chaneli mbili | siku 4 au 5 | kilo 53 kila moja | slabu juu, watu wamo ndani | pwani bila rangi, moto |
| Tao | hadi mishono ikomae | tofali mojamoja | hadi mita 1.5, ukuta wa saruji | udongo, karibu na pembe |
| Nguzo katikati | kulingana na boriti | boriti ya nusu ya urefu | msingi mzuri chini | jamvi tupu |

Mbao sikuiweka. Kwa mama, juu ya mlango wa zamani kulikuwa na ubao wa mninga uliokaa toka 1987 na haukuwa na mchwa hata mmoja, lakini ulikuwa umebeba sentimita 90. Mbao yenye mzigo wa kudumu hulegea mwaka hadi mwaka, na matofali juu yake hayajui kulegea pamoja nayo.

Yanayokupata hata ukichagua vizuri

Mzigo uliokuwa umetandazwa kwenye mita 2.4 za ukuta sasa unateremkia kwenye ncha mbili. Boriti ikikaa juu ya matofali laini, yatasagika kwanza kabla boriti haijapinda. Weka kitako cha zege chini ya kila ncha, kirefu kama sentimita 45 kufuata ukuta, ili mzigo usambae. Kwenye ukuta wa udongo kitako hiki si cha hiari. Tulichokifanya kwa mama ni kumwaga vitako wiki moja kabla ya kukata chochote.

Usikaribie pembe ya nyumba. Acha ukuta mzima wa sentimita 60 kwa uchache, na kwenye nyumba ya udongo acha mita moja. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi za matofali ya kuchoma, na kuta za namna hiyo zinapotikiswa hupasuka kimshazari kuanzia kwenye pembe za milango na madirisha. Mbeya, Rukwa na Kigoma nao wako kwenye Bonde la Ufa. Kila mita ya ukuta unayoiondoa ilikuwa pia inazuia nyumba isiyumbe kando, si kubeba paa tu.

Kuhusu karatasi: pitia halmashauri kwa kibali, na aliyechora boriti awe amesajiliwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kwa tani 1 na paa la bati unaweza kudhani ni kujisumbua. Kwa tani 6 na watoto wanaolala juu yake, mimi sishiki nyundo bila mchoro wenye saini, na wewe usikubali fundi ashike.

Ningekuwa mimi

Slabu juu: chaneli mbili, bila kusitasita, hata kama zege linaonekana rahisi. Bati juu, na nyumba inaweza kukaa tupu mwezi: zege. Bati juu lakini watu wamo ndani: chaneli tena, ndogo zaidi, juu ya vitako vya zege vilivyosawazishwa. Msingi ni mzuri na fedha ni za kubana: nguzo katikati, uifanye ya mapambo kama unataka, ipake rangi, itundike saa. Ukuta wa udongo wenye mishono inayomwagika na nyufa za zamani kwenye pembe: acha mlango ulivyo, au upanue hadi sentimita 120 tu, fedha inayobaki iende kwenye mishono.

Siku ya kutoa mirunda anza na ya katikati, uende nje pande zote mbili. Ukianza na ya kando, boriti inajikuta inategemea mrunda mmoja wa katikati, inavutwa upande wa juu ambako nondo zake ni chache. Usiupige mrunda wote, legeza kabari kwa robo, pumzika, sikiliza.

Kwa mama nilichora mstari wa penseli kwenye ubao uliosimamishwa sakafuni, usawa wa chini ya boriti. Alikuwa amerudi toka Dodoma siku moja kabla, akasimama mlangoni na birika la chai, hakutaka kuingia.

"Baba, una hakika?"

"Nina hakika, mama. Ila kaa hapohapo kwanza."

Nililegeza kabari ya kati. Mlio mdogo ulisikika darini, kenchi zinakaa. Boriti ilishuka milimita 2 chini ya mstari, ikasimama. Tuliuacha ubao pale wiki nzima, kila asubuhi mama akiutazama kabla ya kuwasha jiko, na kila asubuhi boriti ilikuwa palepale.